Kumfundisha Mtoto Kutulia na Kuzingatia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu wanaotaka watoto wajue kutulia na kusikiliza kinachoendelea ndani yao, bila kuigeuza siku ya mtoto kuwa darasa jingine.

Kuzingatia ni nini, na taamuli ni nini?

Kuzingatia ni kuielekeza akili kwa makusudi kwenye jambo linalotokea sasa hivi na kulitazama lilivyo, bila kuharakisha kulihukumu. Mtoto anayesikiliza kengele mpaka mlio wake uishe kabisa anazingatia. Anayegundua kwamba tumbo limemkaza kwa sababu kesho kuna mtihani, naye anazingatia.

Taamuli ni muda uliotengwa kwa ajili ya hilo. Mtu anakaa, analala chali au anatembea polepole, anachagua kitu kimoja cha kufuatilia, mara nyingi pumzi, na kila akili inapotoroka anairudisha bila kujikaripia. Kwa mtoto, kuzingatia ndiko kunakotangulia. Taamuli ya kukaa inaweza kusubiri, hata kwa miaka.

Kwa hiyo lengo ni mtoto awe mtulivu?

Hapana, na hapa ndipo watu wazima wengi tunapopotea njia. Lengo ni mtoto atambue kinachomtokea mapema kiasi cha kuweza kuamua afanye nini. Mtoto anayesema "nina hasira, mikono yangu inataka kupiga" amefanya kazi kubwa, hata kama anasema kwa sauti ya juu huku anarukaruka. Aliyekaa kimya kwa kuogopa kukaripiwa amejifunza kuficha tu. Mkiwa mnafanya mazoezi haya ili nyumba iwe kimya, mtoto atalijua hilo ndani ya siku chache, na atayachukia.

Je, haya ni mambo ya dini?

Mizizi yake mikubwa imo katika mapokeo ya Kibudha ya Asia, ingawa dini nyingine nazo zina namna zao za ukimya, dhikri na sala ya kutafakari. Mazoezi yanayofundishwa siku hizi hospitalini na shuleni yamepitia mlango mwingine. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha kozi kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Aliifundisha bila ibada wala masharti ya imani. Programu nyingi za watoto zimechota humo.

Dhamiri ya mzazi iheshimiwe. Kama neno fulani, alama au mkao fulani unakukwaza, uache. Hakuna zoezi hata moja hapa chini linalotegemea hayo. Na shule ikianzisha mazoezi haya, una haki ya kuuliza watoto wanafundishwa nini hasa, na ujibiwe bila kuzungushwa. Familia inayosali inaweza kutulia kwa pumzi chache kabla ya sala ili akili ifike pale mwili ulipo. Familia isiyosali itafanya vivyo hivyo kabla ya kula au kulala.

Aanze akiwa na umri gani, na kwa dakika ngapi?

Mtoto wa miaka 3 anaweza kuanza, mradi uwe mchezo. Kati ya miaka 3 na 5, nusu dakika inatosha: kusikiliza mlio, kugusa kitu na kueleza alivyokihisi, kutembea bila kutoa sauti. Akiwa shule ya msingi, dakika 2 hadi 5. Kuanzia miaka 11 au 12, anaweza kufika dakika 10 ikiwa yeye mwenyewe anataka. Wapo wanaotumia kipimo cha dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Mimi naona hicho ni kingi mno kwa anayeanza. Afadhali mtoto aseme "mbona imeisha?" kuliko aulize "itaisha lini?"

Nianzie wapi?

Anzia kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya kila siku. Kipindi kipya kikiongezwa kwenye siku iliyokwisha kujaa, kitadumu wiki moja kisha kitasahaulika. Chagua jambo moja kati ya haya, mlizoee kwanza, ndipo mwongeze la pili.

Kunawa mikono. Kunawa vizuri kwa sabuni huchukua angalau sekunde 20, na huo ni muda wa kutosha kwa mtoto kuhisi ubaridi wa maji, utelezi wa sabuni, na povu linavyopita katikati ya vidole. Muulize swali moja tu: "Maji yanahisi vipi leo?" Usimpe jibu.

Njiani. Mkiwa mnatembea, kila mmoja atafute sauti tatu: moja ya karibu, moja ya mbali kabisa, na moja inayotoka kwake mwenyewe. Hiyo ya tatu watoto huipenda sana, kwa sababu wengi hawajawahi kusikiliza nyayo zao au mkwaruzo wa nguo zao. Mtoto asiyependa kutafuta sauti anaweza kuhesabu hatua kumi huku akihisi kisigino kinavyotua, kisha wayo, kisha vidole.

Mezani. Tonge la kwanza tu liliwe polepole, mengine yaendelee kwa kawaida na mazungumzo yake. Katika kozi ya Kabat-Zinn kuna zoezi mashuhuri la kula zabibu kavu moja: unaitazama, unaipapasa, unainusa, unaiweka ulimini bila kutafuna, kisha ndipo unaitafuna taratibu. Watoto hulifurahia kwa sababu ni kama upelelezi. Usiligeuze kuwa njia ya kumlazimisha kula chakula asichokitaka.

Mlangoni. Pumzi moja kabla ya kufungua mlango wa nyumba au wa darasa. Moja tu.

Na kuna lingine ambalo halihitaji zoezi lolote. Mtoto aliyezama kwenye mchezo wake, anayepanga vijiti au kumfuatilia sisimizi kwa robo saa, tayari anazingatia kwa kiwango ambacho watu wazima wengi hulipia kozi wakifikie. Usimkatize bila sababu. Kuulinda muda huo ni malezi ya umakini yaliyo bora kuliko zoezi lolote nitakalolitaja.

Mazoezi ya pumzi yanafundishwaje?

Usianze na "vuta pumzi ndefu". Mtoto akiambiwa hivyo huinua mabega, hujaza kifua na kukaza shingo, na mwili wake unazidi kujiandaa kwa vita. Anza na pumzi inayotoka. Tunapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kasi kidogo. Tunapoivuta, huongezeka kidogo. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni. Ndiyo maana pumzi inayotoka taratibu na kuchukua muda mrefu kuliko inayoingia hutuliza.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni mapovu ya sabuni. Ukipuliza kwa nguvu, povu linapasuka. Ukipuliza polepole, linakua. Mtoto anajirekebisha mwenyewe bila kuambiwa lolote. Mapovu yasipokuwepo, anyooshe kidole na kukipuliza kama mshumaa ambao hataki uzimike.

Njia ya pili ni alale chali na kuweka mdoli au kitabu chepesi juu ya tumbo, akitazame kinavyopanda na kushuka. Ya tatu ni ya vidole: anafungua kiganja kimoja, na kwa kidole cha mkono mwingine anafuata ukingo wa vidole, akipanda anavuta pumzi, akishuka anaitoa. Hii inafaa hata kwenye chumba cha mtihani, chini ya dawati, bila mtu kujua.

Usimlazimishe afuate mwendo wako. Mtu mzima aliyepumzika hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mtoto mdogo hupumua mara nyingi zaidi. Mwendo unaokutuliza wewe unaweza kumfanya yeye atafute hewa. Akisikia kizunguzungu au ganzi midomoni, anapumua kwa nguvu mno au kwa haraka mno: aache, arudi kupumua kwa kawaida. Na mtoto mwenye pumu asifanye mazoezi ya kubana pumzi. Akianza kubanwa kifua, anahitaji dawa yake mara moja kama daktari alivyoelekeza. Hapo si mahali pa mazoezi.

Kuna watoto wasiopenda kusikiliza pumzi?

Wapo wengi, na hawana kasoro yoyote. Wengine kuisikiliza pumzi huwatia wasiwasi zaidi. Wape kitu cha kushika au cha kusikia: jiwe laini, mlio wa chombo unaofifia, nyayo zinavyogusa sakafu. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyeanzisha kituo cha Plum Village nchini Ufaransa mwaka 1982 na kufariki mwaka 2022, aliwafundisha watoto taamuli ya vijiwe vinne: ua, mlima, maji matulivu na anga. Mtoto anashika kijiwe kimoja kimoja, anakikumbuka kile kinachowakilishwa, anapumua mara chache, kisha anakiweka chini. Mikono ikiwa na kazi, akili hupata pa kukaa.

Akili yake inahamahama. Je, tunakosea?

Hamkosei. Mwaka 2001, mtafiti wa ubongo Marcus Raichle na wenzake walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo ambazo huchangamka zaidi pale mtu anapokuwa hana kazi maalumu ya kufanya. Akili kuzurura ni hali yake ya kawaida. Ile sekunde ambayo mtoto anashtuka, "kumbe nilikuwa nawaza mpira", ndiyo zoezi lenyewe. Msifie hapo hapo, kwa kugundua.

Akiwa katikati ya hasira, nimwambie apumue?

Jaribu kukumbuka mara ya mwisho ulipokuwa umekasirika kweli na mtu akakuambia "tulia". Mtoto naye husikia hivyo hivyo, tena kwa uchungu zaidi, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia kudhibiti msukumo wa hasira bado inakua, na huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Hakuna anayejifunza kuogelea huku anazama. Mazoezi yafanywe wakati wa raha, mara nyingi, mpaka mwili uyazoee. Ndipo yatakapopatikana wakati wa shida.

Hasira ikiwa imeshapanda, wa kupumua kwanza ni wewe. Shuka mpaka macho yenu yawe usawa mmoja. Punguza sauti. Sema machache: "Naona umekasirika sana. Niko hapa." Kama anapiga, zuia mkono bila kuuminya, na ondoa vitu vya hatari. Usimhoji, usimpe mafunzo, usimtake aombe radhi wakati huo. Mtoto hutulia kwa kuazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu naye, na hili huanza tangu akiwa mchanga, anapobebwa na kubembelezwa.

Baadaye, pengine baada ya nusu saa, pengine wakati wa kulala, rudini kwenye tukio bila kulaumu: hasira ilianzia wapi mwilini? Miguuni? Usoni? Ilijulikanaje kwamba inakuja? Watoto wana majibu ya kushangaza kwa maswali haya, na kila jibu humpa dalili ya kuishtukia mapema safari ijayo. Mazungumzo haya ya baadaye yana thamani kuliko pumzi kumi alizolazimishwa akiwa analia.

Naweza kumpeleka kona ya utulivu akikosea?

Kona yenye mto, kitabu na kijiwe cha kushika ni jambo zuri, kama mtoto huenda kwa hiari yake na wewe pia unaitumia. Siku utakayomwambia "nenda kule ukatafakari ulichofanya" kwa sauti ya adhabu, kona hiyo imeshakuwa jela. Makosa yawe na matokeo yake yenyewe: amemwaga, anafuta; ameumiza, anasaidia kuponya. Utulivu usihusishwe na adhabu hata mara moja.

Lazima afumbe macho?

La. Aangalie chini, au aweke macho kwenye kitu kimoja. Kwa mtoto aliyewahi kutishwa, kupigwa au kushuhudia vurugu, kufumba macho mbele ya watu kunaweza kuamsha hofu kali.

Anasema inaboa.

Mkubalie. Sema, "Ndiyo, wakati mwingine inaboa. Huko kuboeka kunahisi vipi mwilini?" Akijibu, mmeshafanya zoezi. Akikataa kabisa, acheni siku hiyo, na usimhonge kwa zawadi wala kumpunguzia muda wa kucheza. Mara nyingi tatizo ni kwamba zoezi ni refu, ni lile lile kila siku, au linamtaka akae wakati mwili wake unataka kukimbia. Mruhusu akimbie kwanza, kisha asimame ghafla, aweke mkono kifuani na kusikiliza moyo unavyodunda mpaka upungue kasi. Hilo halimboi mtu.

Na kijana wa miaka 14?

Mbinu za wadogo zitamuudhi. Mweleze sababu kama unavyomweleza mtu mzima: mapigo ya moyo, neva, usingizi, mchezo anaoupenda. Wanamichezo na wanamuziki hutumia mbinu hizi kabla ya kuingia uwanjani au jukwaani, na kijana huliheshimu hilo. Mwachie achague lini na wapi, na usimuulize kila jioni kama amefanya.

Utafiti unasemaje?

Unasema mengi, na si yote ya kufurahisha. Kozi za watu wazima zimechunguzwa kwa miaka mingi na zimeonekana kusaidia baadhi ya watu wenye msongo, wasiwasi na sonona inayojirudia. Kwa watoto matokeo yanatofautiana. Nchini Uingereza ulifanywa utafiti mkubwa uitwao MYRIAD, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 84, wengi wao wakiwa na umri kati ya miaka 11 na 14, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2022. Katika baadhi ya shule hizo, darasa zima lilifundishwa kuzingatia, kila mwanafunzi, ataka asitake. Afya ya akili ya wanafunzi hao haikuwa bora kuliko ya wenzao waliopata masomo ya kawaida ya stadi za maisha na hisia. Wengi wao hawakufanya mazoezi nyumbani.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema basi tuache. Mimi nasoma jambo lingine: zoezi la lazima, linalotolewa kama somo lenye silabasi, kwa vijana ambao hawakuliomba, halishiki. Ndiyo maana nasisitiza mambo madogo, ya hiari, yanayofanywa na mtu ambaye mtoto anampenda. Na asikudanganye mtu kwamba pumzi tatu zitaongeza alama za hesabu.

Programu za simu na video zinafaa?

Kwa kijana, sauti iliyorekodiwa inaweza kumsaidia kuanza. Kwa mtoto mdogo, sauti yako ni bora, hata kama unakwama kwama. Mkitumia simu, iwekwe mbali kidogo, kioo kikiwa kimezimwa.

Inasaidia kulala?

Mara nyingi, ndiyo. Akiwa kitandani, taja sehemu za mwili polepole kuanzia vidole vya miguu hadi kichwani, na kila sehemu aikaze kidogo kisha ailegeze. Akisinzia kabla hujafika magotini, acha hapo na umshukuru Mungu wako. Lakini zoezi haliwezi kushinda kelele, taa kali au simu iliyotumika mpaka dakika ya mwisho.

Nina darasa kubwa lenye kelele. Naweza?

Unaweza, kwa dakika moja baada ya mapumziko. Piga kengele au gonga chombo chenye mlio mrefu, na kila mtoto anyooshe mkono anapoacha kabisa kuusikia. Usiwataje kwa majina wanaocheka. Wakipuuzwa, wengi hujiunga baada ya siku kadhaa. Asiyetaka aruhusiwe kuchora au kukaa tu, mradi asiwasumbue wengine. Katika ule utafiti wa MYRIAD, walimu walioshiriki walionekana mwanzoni kupungukiwa na uchovu wa kazi, kwa hiyo dakika hiyo ni yako pia.

Mwanangu ana ADHD (hali inayomfanya mtoto apate shida kutulia na kuweka umakini), au amepitia mambo mazito. Nifanye nini tofauti?

Kwa mwenye ADHD, fupisha, ongeza mwendo, na uendelee na matibabu yake. Mazoezi haya hayachukui nafasi ya dawa wala ya ushauri wa daktari. Kwa aliyepitia msiba, ukatili au ajali, macho yabaki wazi, mlango uwe wazi, ajue anaweza kuacha wakati wowote, na mwanze na mambo ya nje ya mwili: rangi, sauti, vitu vya kugusa. Akionekana kuganda, kutetemeka au kana kwamba hayupo, simamisha zoezi, mwite kwa jina, mtajiane vitu mnavyoviona chumbani.

Mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili au daktari wa watoto kama huzuni, hofu au hasira imedumu kwa wiki kadhaa, kama ameacha kula, kulala au kucheza, au anakataa shule. Akizungumzia kufa au kujiumiza, usisubiri hata siku moja, na usimwache peke yake.

Mimi mwenyewe sijui kutulia. Nitafundishaje?

Fanya mbele yake, ukisema kwa sauti: "Nimechoka na nimeanza kukasirika. Ngoja nipumue kabla sijajibu." Mtoto akuone ukishindwa pia na kurudi kuomba radhi. Hayo anayaiga haraka kuliko zoezi lolote utakalomfundisha akiwa amekaa.

Tulianza, tukaacha. Tuanzeje upya?

Msirudi mlipoishia. Muulize mtoto ni lipi alilolipenda, mfanye hilo, na safari hii yeye ndiye awe mwalimu: apige kengele, aseme "anza", aamue muda wa kumaliza.